MSITU SI IDADI YA MITI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua ule ukurasa wa vitendawili na vichekesho ambao najua ndio unaoutafuta, hebu nijibu swali moja tu. Nitajie majina ya mafahali watano wanaopiganishwa huku kwetu. Najua unaweza, tena bila kukuna kichwa. Kutoka Khayega hadi Shinyalu hakuna kijana, na siku hizi hata sisi wasichana tumo, asiyejua ni fahali gani aliyemtimua mwenzake, mwenyewe ni nani na anamlisha nini. Haya basi. Sasa nitajie miti mitano ya msitu ule tunaoupita asubuhi tukija shuleni na jioni tukirudi nyumbani. Mkaratusi usihesabu. Saiprasi usihesabu. Mwembe na mparachichi nayo iache, hiyo ni ya pale nyumbani kwa mama.

Nimewauliza wenzangu swali hili muhula mzima mpaka wengine wakiniona wanabadilisha njia. Wengi hufika mti wa pili wakakwama. Mmoja alinijibu, "Kuna mti mkubwa, halafu kuna mwingine mkubwa zaidi." Tulicheka sana siku hiyo, lakini nilipofika nyumbani nikaona jibu lile halichekeshi hata kidogo. Hoja yangu nitaisema waziwazi ili asiwepo wa kudai hakunielewa: tunafundishwa kuhesabu miti, hatufundishwi kuijua. Na msitu ambao majirani zake hawaujui utaisha, hata kama tutapanda miche malaki kwa malaki kila mwaka.

Wapo watakaosema msitu ni msitu tu. La hasha! Huu wetu si kama mingine. Zamani sana msitu wa mvua ulitanda kutoka Kongo, ukapita Uganda, ukafika mpaka huku. Hali ya hewa ikabadilika, watu wakafyeka na kulima, na ule mkeka mkubwa ukakatika vipande vipande. Kipande cha mwisho upande wa mashariki ndicho hiki cha Kakamega. Kuna mimea na ndege humu ambao ukitoka hapa huwapati kwingine kokote Kenya nzima. Ndiyo maana wataalamu wanatoka Ujerumani na Marekani kuja kuwatazama kima na vipepeo wetu miaka nenda miaka rudi, nasi tunawaonyesha njia, halafu tunaendelea kuchunga ng'ombe.

Serikali ya kikoloni iliuweka msitu huu chini ya sheria mwaka 1933, wakati ambapo Kakamega ilikuwa imejaa watu waliokuja kutafuta dhahabu. Mwaka 1985 sehemu ya kaskazini ikatengwa kuwa hifadhi ya wanyamapori. Mwaka uliofuata, 1986, ukaanzishwa mpango wa kupanda ukanda wa majani chai kandokando ya misitu ya serikali, ili uwe kama ua wa kuwazuia watu wasiendelee kuingia na jembe. Kwa hivyo ulinzi upo, na umekuwapo. Lakini kwenye ramani msitu una kilomita za mraba kama 240, na msitu wa asili wenyewe ni kama nusu tu ya hizo. Kwingine ni mashamba ya miti ya kigeni, ni nyasi, ni chai, ni mahali palipokatwa pakabaki wazi.

Sasa tuje kwenye hiyo hesabu ya miti. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifanye juhudi nchi iwe na miti katika asilimia 10 ya ardhi au zaidi. Yaangalie maneno hayo vizuri, maana sisi ni watu wa lugha. Katiba imesema miti, haikusema misitu. Ripoti ya taifa ya mwaka 2021 ilitoa hesabu mbili: eneo lenye miti ni asilimia 12.13, na eneo la misitu ni asilimia 8.83. Kwa hivyo tukiulizwa kuhusu miti tumepita mtihani, tukiulizwa kuhusu misitu tumeanguka. Na hata hiyo 8.83, ndani yake yamehesabiwa mashamba ya saiprasi na misonobari, ambako ukiingia unasikia upepo tu.

Desemba 2022 serikali ilitangaza kwamba tutapanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa sikukuu nchi nzima ya kupanda miti. Sisi ambao sasa ni Kidato cha Tatu tulikuwa ndio tumetoka tu kufanya KCPE, ile ya mwisho kabisa. Nilifurahi, nani hafurahii sikukuu? Lakini pale nilipopanda mimi, miche yote ilikuwa ya aina moja, na hakuna aliyetuambia jina lake wala kwa nini imeletwa hiyo na si mingine. Tulichimba, tukapanda, tukapigwa picha, tukaondoka. Sisemi lilikuwa jambo baya. Nasema tungeweza kupewa kuku wa kufuga wakati wa sikukuu nyingine nasi tungeuliza maswali mengi zaidi: ni wa kienyeji au wa kisasa, anataga, anakula nini? Kwa nini mti hatuuulizi?

Acha nichukue mti mmoja nikuonyeshe ninachomaanisha. Kuna mukumu. Kila mtu hapa anaujua kwa jina angalau, maana wazee walikuwa wakikutania chini yake na haukatwi ovyo. Wewe ukiutazama unaona matunda madogo madogo. Kumbe yale si matunda hivi hivi, ni maua yaliyofichwa ndani. Nyuki wa kawaida hawezi kuyafikia. Kuna nyigu mdogo sana, mdogo kuliko chawa wa kuku, ambaye anaingia kwa kitundu kilichoko kwenye ncha, anasambaza chavua humo ndani, anataga mayai yake, na mara nyingi anafia humo humo. Kila aina ya mti wa jamii hii ina nyigu wake. Nyigu huyo akishakuwa mkubwa anaishi siku moja au mbili tu, kwa hivyo lazima kuwe na mti mwingine wa aina ile ile, si mbali sana, wenye maua yaliyo tayari wakati huo huo. Ndiyo sababu mikumu haizai kwa pamoja kama maembe. Mmoja unazaa mwezi huu, mwingine mwezi ujao, mwaka mzima.

Sasa fikiria maana yake. Miti mingine inapokuwa haina kitu, mukumu mmojawapo una kitu. Kima wanakula hapo, hondohondo wanakula hapo, popo wanakula hapo usiku. Wakishakula wanazunguka msituni na kuangusha mbegu za miti mingine waliyoila pia. Kwa hivyo ukikata mikumu mpaka ibaki michache iliyo mbalimbali, hujakata mti, umekata posho ya wanyama ya miezi ya njaa, na umewafukuza wale waliokuwa wakipanda msitu bure bila mshahara wala sikukuu. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, ameeleza katika kitabu chake *Unbowed* jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni za mti wa mugumo, na jinsi mti huo ulipokuja kukatwa, kijito kilichokuwa karibu nao kikakauka. Mugumo wa kwao Nyeri na mukumu wa kwetu ni ndugu. Mama yule hakusoma Bayolojia, lakini alijua kitu.

Mwingine ni mwiritsa. Kwa jina la kisayansi ni *Prunus africana*. Magome yake yana dawa inayotumiwa na wanaume wazee wenye shida ya kukojoa, na hata Ulaya hutengenezewa dawa. Kwa sababu hiyo mti huu uliandamwa sana katika nchi nyingi za Afrika, mpaka mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa. Ukibandua gome upande mmoja tu mti unaweza kupona. Ukizungusha kisu pande zote, umekufa umesimama. Nami nimeona ya namna hiyo, imesimama mikavu katikati ya mingine ya kijani. Aliyeibandua hakuwa mgeni kutoka mbali. Njia inayofika pale inajulikana na watu wa hapa hapa.

Na mukombero? Hapa najua nimewagusa wengi, maana hakuna siku utakosa mtu nyuma ya darasa anautafuna, mwalimu akigeuka anaumeza. Mukombero si mti, ni utambazi unaopanda juu ya miti mingine, na tunachokula ni mzizi. Sasa wewe niambie, ukila mzizi, mmea unabaki na nini? Wanaouza stendi wanasema zamani ulikuwa unauchimba hapa hapa pembeni, siku hizi ni lazima uingie ndani sana. Wapo wenzetu ambao karo yao inatoka kwenye hizo fungu za mukombero, nami siwezi kuwaambia waache ilhali sina cha kuwapa. Jambo ninaloweza kuwaambia ni kwamba mukombero unakubali shambani. Kuna wakulima wanaoupanda na kuupandisha juu ya miti yao, na wanachimba mizizi kiasi wakiacha mingine. Ujuzi kama huo ndio ningetaka kuukuta shuleni. Afadhali wiki moja ya kujifunza kupanda mukombero kuliko mwaka mzima wa mashairi ya "Ewe mti, ewe mti", nami najua hapa naandika katika gazeti la washairi.

Walimu wetu wapendwa watanisamehe kwa sehemu inayofuata. Ikolojia iko katika silabasi ya Bayolojia ya Kidato cha Tatu, yaani darasa letu. Tumefundishwa mnyororo wa chakula: nyasi, pundamilia, simba. Nimeandika, nimechora mishale, nimepata alama. Lakini hapa Isukha hakuna pundamilia wala simba. Kuna hondohondo na mukumu, kuna mbega na majani, kuna nyuki na maua ya maharagwe ya mama zetu. Watafiti walioshughulikia nyuki katika mashamba yaliyo karibu na msitu huu walikuta kwamba mazao kama maharagwe, kunde na nyanya hunufaika sana na kazi ya nyuki, wakiwemo nyuki wa porini ambao hakuna aliyewatengenezea mzinga. Ina maana msitu unatulisha hata sisi tusioingia humo. Mfano huo upo, uko ng'ambo ya barabara, na sisi tunakwenda kuazima simba kutoka Mara.

Tena sisi ni shule ya kutwa. Watu wanatudharau kwa sababu hiyo, eti hatuna mabweni, eti tunachelewa paredi tukiwa na matope kwenye viatu. Lakini kwa jambo hili tumewashinda wa bweni mbali sana. Wao wanauona msitu kutoka dirishani. Sisi tunaupita mara mbili kwa siku, tunaokota kuni huko Jumamosi, na tukifika nyumbani tunakaa na watu wanaoujua. Nyanya yangu ana kibali cha mwezi cha kuokota kuni zilizokauka. Tukitembea naye hawezi kupita mti bila kuutaja, kama mtu anayesalimia watu sokoni. Huu ni musutsu, ukijikata weka utomvu wake damu isimame. Hii ni shikuma, iguse shina uone miiba yake, gome lake linatafunwa kwa kikohozi. Ule ni lusiola, nguzo yake mchwa hawaipendi. Siku moja nilimwambia, "Nyanya, wewe ungekuwa mwalimu wetu wa Bayolojia." Akasema, "Mjukuu wangu, mimi sijui Kizungu." Neno lile liliniuma. Ni nani aliyemwambia kwamba miti inajulikana kwa Kizungu tu?

Pale Isecheno kuna KEEP, mpango wa elimu ya mazingira ulioanzishwa na vijana wenyeji wenyewe miaka ya 1990. Wanapokea watoto wa shule na kuwafundisha kuhusu msitu. Basi za shule kutoka mbali huja hapo, nimeziona kwa macho yangu, wanafunzi wakiwa na kofia na chupa za maji. Sisi tunaoweza kufika kwa miguu, tena kwa kiatu kilichopasuka, katika darasa letu lote hatufiki watano tuliowahi kuingia. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu mwenyeji hata nyumba yake haijui.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kushika kalamu. Kuna kile kipande cha ardhi nyuma ya maabara kinachoteremka mpaka kwenye kijito. Imependekezwa kipandwe mikaratusi chote. Nimezisikia sababu na sitaki kuzidharau, maana si za kijinga. Jiko letu linapika githeri kwa kuni, na kuni zinanunuliwa. Mkaratusi unakua haraka, na baada ya miaka michache unakatwa, unachipuka tena, unakatwa tena. Nguzo zake zina soko, na pesa hizo zinaweza kununua darubini, maana tunayo moja inayofanya kazi na ya pili ni ya kuonyesha wageni. Isitoshe, shule ikiwa na kuni zake haitanunua zile zinazotoka msituni. Hoja hii ya mwisho ni nzito, nami naikubali kabisa.

Ninachopinga ni neno "chote". Pale chini kuna kijito, na kijito hicho ndicho majirani wetu wanachota maji na kunywesha ng'ombe. Mkaratusi unakunywa maji mengi, hilo hata mtoto wa chekechea anajua, na Huduma ya Misitu Kenya ilikwisha kutoa mwongozo kwamba usipandwe kandokando ya mito na kwenye chemchemi. Ingia katika shamba lolote la mikaratusi utazame chini: majani makavu na nyasi chache. Kisha ingia msituni utazame chini: miche ya kila namna, kuvu, konokono, majani yaliyooza yakawa laini kama godoro, ambayo mvua ikinyesha yanafyonza maji na kuyaachilia polepole. Mto Isiukhu na mto Yala inapitia katika msitu huu. Kama chini pangekuwa pakavu kama kwenye mikaratusi, mito hiyo ingekuja na matope wakati wa mvua na kuwa mifereji wakati wa kiangazi.

Kwa hivyo ninapendekeza hivi. Mikaratusi ipandwe juu, upande wa uwanja, mbali na maji, iwe ya jiko. Kuanzia pale mteremko unapoanza mpaka kijitoni tupande mchanganyiko wa miti ya hapa: mutere, lusiola, musutsu, mwiritsa, na mukumu mmoja au miwili. Nimeambiwa miti ya kienyeji inachelewa na kwamba tutakuwa tumezeeka. Mwiritsa ndiyo, unataka uvumilivu, unaupandia wajukuu. Lakini mutere unakimbia sana, wenye mashine za mbao wanaujua. Lusiola nayo ukiikata inachipuka na nguzo zake zinanunuliwa kila siku. Hayo maneno ya "kienyeji ni polepole" yanasemwa na watu ambao hawajaulizia ni ya kienyeji ipi.

Hapa naomba niingize jambo moja dogo, kwa sababu sitaki mtu afikiri nasema mti wa kigeni ni adui na wa kienyeji ni malaika. Huo mutere ninaousifu, ambao hapa kwetu ni mwenye nyumba, ulipelekwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki huko Tanzania, ukapandwa. Hondohondo wa kule wakaupenda, wakasambaza mbegu, na mti ukaenea katika msitu wa watu mpaka ukawa tatizo kwa mimea ya pale ambayo haipatikani kwingine duniani. Mti ni uleule, mahali ndipo pamebadilika. Na kinyume chake, angalia mpera. Mpera ulitoka Amerika, si wetu. Lakini watafiti waliochunguza mipera ya mashambani karibu na msitu wa Kakamega walikuta chini yake inaota miche ya miti ya msitu, kwa sababu ndege wanaokuja kula mapera wanaacha mbegu walizokula kwingine. Kwa hivyo hata mgeni anaweza kuwa na kazi njema. Unaona basi kwamba huwezi kujua mti ni mzuri au mbaya kwa kuuhesabu. Lazima uujue unaishi na nani.

Kuna mwenzangu aliyenitania kwamba nimekuwa mganga. Nilimjibu kwamba kuna wakulima wanaopakana na msitu huu, kikundi cha Muliru, walioona kwamba kuuibia msitu hakuwafikishi mbali. Wakapanda aina ya kivumbasi katika mashamba yao wenyewe, wakakikamua mafuta, wakatengeneza dawa ya kupaka ya mafua na maumivu, wakaiuza madukani. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta inayotolewa na Umoja wa Mataifa. Hao ni majirani zetu. Sijaona jina lao katika noti zetu hata za muhtasari, na bado tunaulizwa "vijana watapata kazi wapi".

Sisi wa Kidato cha Tatu ni kundi la mwisho la 8-4-4. Mwaka 2027 tukifanya KCSE tutafunga mlango. Nyuma yetu wameingia wenzetu wa Gredi ya 10, ambao tunaambiwa mtaala wao ni wa kutenda na si wa kukariri. Vizuri. Basi tuwaachie kitu cha kutendea. Kipande kile cha ardhi kikipandwa mikaratusi mitupu, mwalimu wao atawapeleka pale siku moja, watahesabu mashina, watarudi darasani. Kikipandwa mchanganyiko watakuwa na msitu mdogo wa kujifunzia hatua mia mbili kutoka maabara, na hawatahitaji nauli ya basi. Mwalimu akiwapa kamba ya mita kumi wakapima mraba mmoja kwenye mikaratusi juu na mwingine kwenye mchanganyiko chini, wakaandika aina walizoziona katika kila mraba, hiyo ndiyo ikolojia. Mwaka unaofuata watapima tena, na darasa linalofuata litaendelea na daftari lile lile.

Na Chama cha Kiswahili kina kazi yake humu, kisije kikasema hii ni kazi ya Chama cha Wanyamapori. Nimelitafuta neno "mwiritsa" katika kamusi ya maktaba, sikuliona. Nikatafuta jina la Kiswahili la lusiola, nikazunguka tu. Watu wa pwani wana majina ya Kiswahili ya miti yao, mvule, mkangazi, mkoko, kwa sababu wameishi nayo wakiwa na lugha hiyo. Miti ya huku haijaingia katika Kiswahili kwa sababu hatujaiingiza. Tunangoja nani? Kila mwanachama aulize nyumbani kwao, kwa babu, kwa nyanya, kwa mama anayeuza kuni, alete jina la mti mmoja, kazi yake, na mahali unapopatikana. Wanaotoka Tiriki walete la Kitiriki, wa Nandi walete la Kinandi, tuyaweke sambamba na lile la kisayansi, kisha tukae na mwalimu tuone Kiswahili chake kiweje. Nimesoma matoleo ya nyuma ya gazeti hili na yamejaa makala za lugha yetu kukosa msamiati. Basi huo hapo.

Ninajua halmashauri ya shule itakutana kabla ya mvua za masika, na kwamba miche ya mikaratusi tayari imeulizwa bei. Ninawaomba wazazi wetu na walimu wetu waulize na bei ya hiyo mingine kabla ya kukata shauri. Vikundi vya jamii vinavyopakana na msitu vina nasari. Tusiende kung'oa miche msituni, hilo ni kosa kisheria na tena ni kuharibu. Kwa mwiritsa kuna jambo la kuzingatia: mbegu zake hazikai. Zikikauka hazioti, si kama mahindi ambayo unaweka debeni mpaka mwakani. Inabidi zipandwe zikiwa mbichi, punde tu zinapoanguka, kwa hivyo ni lazima nasari iambiwe mapema.

Daftari la majina nimekwisha kulinunua, la kurasa 96, na liko kwa katibu wa chama. Ukurasa wa kwanza una miti saba, sita kutoka kwa nyanya yangu na mmoja kutoka kwa mlinzi wetu wa usiku, ambaye kumbe ametembea msitu ule wote. Linapatikana kila siku wakati wa chakula cha mchana, chini ya dirisha la maktaba.